Nilimtambua Mume Wangu kwa Soksi

Kabla hamjanionea huruma, wacha nianze na ujinga wangu, ndiyo wa kucheka wacheke mapema tumalizane. Mume wangu alipofariki, nilimtambua mochari kwa soksi. Soksi za kijivu zenye mstari mwekundu. Na soksi hizo nilizipeleka mimi mwenyewe asubuhi ileile, pamoja na suti yake, ndiyo wamvalishe.

Haya. Wanaocheka kule nyuma nimewaona.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nakaa Soweto West, kule Kibera, nashona nguo za watoto hapo mlangoni pangu, na ndugu zangu nawaambia, kutoka kwangu mpaka hapa Kawangware ni safari ya ng'ambo. Nimebeba sweta mbili. Mwenye kutoka alikuwa mume wangu, fundi wa mbao. Jioni akirudi alikuwa anakohoa mara mbili akifika kwenye kona ya choo. Hakuwa mgonjwa, alikuwa ananiambia niweke chai. Miaka kumi na minane nilimwambia, "Kwani huwezi kubisha mlango kama watu?" Siku hizi mtu yeyote akikohoa kwenye hiyo kona, mkono wangu unaenda kwenye sufuria.

Moyo ulimsumbua siku mbili tu, akatuacha. Mwili ukapelekwa mochari moja ambayo siitaji, maana bado tuko nayo kortini.

Siku ya kumchukua, mhudumu alifungua mlango akaniambia, "Mama, ingia uangalie uso, halafu utie sahihi." Nikasimama mlangoni. Nilitaka kubaki na ule uso niliouacha hospitalini, ambao neno lake la mwisho lilikuwa kuniuliza kama nimekula. Nikaona miguu imetokeza chini ya shuka. Nikaona soksi. Nikasema, "Ni yeye," nikatia sahihi kwa mwandiko safi wa kidato cha nne.

Sisi ni watu wa Magharibi mwa Kenya. Maiti ikifika nyumbani jeneza hufunguliwa, na aliyemzaa ndiye hutangulia kutazama. Mama mkwe wangu aliinama, akautazama uso. Halafu akasema polepole, "Huyu si mtoto wangu. Huyu amevaa nguo za mtoto wangu."

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kwetu kaburi haliachwi wazi bila kitu ndani. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalilaza mle, wakafukia. Basi watu wakaanza kuambiana kwamba imetosha, mgomba umeshalala, mgeni arudishwe Nairobi na mambo yaishe. Nikautazama ule udongo. Nikajua nikinyamaza nitakuwa mjane wa mgomba mpaka nife.

Tukamrudisha mgeni wa watu. Meneja wa mochari akatoa fomu, akaniuliza, "Mama, hii sahihi si yako?" Ilikuwa yangu. Akaleta karatasi nyingine: watanipa jeneza lingine na gari, kwa ubinadamu wao, na mimi niandike kwamba sina madai tena. Ndugu zangu, kalamu niliishika. Niliamini kabisa kwamba mkono wangu ndio uliompoteza mume wangu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye nilikuwa nimetoka naye kwa sababu njia za mjini sizijui. Alininyang'anya ile kalamu. "Hii mkono yako imeshatuletea mtu wa wenyewe," akasema. "Ikae kwa mfuko kidogo."

Akanipeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria karibu na mtaa wa Ayany, vyumba viwili juu ya duka la dawa. Mle kulikuwa na msichana ambaye ningeweza kumzaa. Nikamweleza habari ya soksi, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Mwili ulikuwa unalindwa na nani?"

"Mochari."

"Kile kikaratasi cha jina cha mguuni, nani alikiandika?"

"Mochari."

"Sasa mama, wewe soksi ulikosea, hiyo nakubali. Lakini wao walikosea kabla yako. Sahihi yako haiwaondolei kazi yao ya kujua nani ni nani."

Nilikaa kwenye kile kiti nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mgomba.

Siku hiyohiyo tulienda kituo cha polisi tukaandikisha ripoti, nikapewa nambari yake. Kisha yule msichana akaandika barua ya kudai daftari la maiti zote zilizotolewa wiki ile. Daftari likasema asubuhi ileile familia moja ya hapa Kawangware ilichukua mzee wao. Mzee huyo ndiye aliyekuwa ndani ya suti ya mume wangu. Wangu alikuwa ameshazikwa Murang'a, jeneza bila kufunguliwa, kwa nyimbo na sala, kwa jina la mtu mwingine.

Mimi nilitaka kuondoka na jembe. Msichana akaniambia kaburi halifukuliwi bila ruhusa, hilo ni kosa, na wale waliozika wana haki ya kusikilizwa kama mimi. Kwa hivyo nikala kiapo, tukaenda kortini kuomba amri.

Familia ile ilikataa. Binti ya mzee aliniambia kwenye korido ya korti, "Sisi tumeshalia. Mnataka tulie mara ngapi?"

Nikamwambia, "Dada, mlimlilia wangu, na nawashukuru. Wako bado yuko kwa friji."

Akakaa kwenye benchi. Nami nikakaa. Tulipoitwa ndani, wakili wao akasimama akasema familia haina pingamizi. Dada huyo ndiye aliyenialika kwenye mkutano wenu huu leo. Simtaji, lakini anajifuta miwani.

Miezi minne baada ya yale mazishi, tukasimama Murang'a: polisi, afisa wa afya, familia mbili. Mama mkwe alikuwa ameshatoa mate yake ya kupimwa DNA. Afisa akaniambia, "Mama, kaa kando, si lazima uone. Vipimo vitasema." Nikamwambia safari hii nitaangalia. Uso haukuwa ule wa hospitalini, na sitawaeleza zaidi. Alikuwa amevalishwa koti zuri kuliko lolote nililowahi kumnunulia. Mkono wa kushoto, kidole gumba kilikuwa nusu, kile kilichochukuliwa na msumeno akinitengenezea kitanda. Nikamuuliza kama amekula. Afisa akajifanya hajasikia.

Vipimo vilikubaliana na kidole. Mgomba ukatolewa, naye akalazwa nyumbani, mama yake akiwa ametangulia kutazama.

Kesi ya fidia bado inaendelea. Nimeambiwa nisubiri, na kukaa ndiyo kazi ninayoiweza. Pesa haitakohoa kwenye kona, najua. Lakini nataka mtu asimame mbele ya hakimu aseme, "Ni sisi."

Namshukuru msichana wa ofisi, mama mkwe wangu, dada wa Kawangware, na jirani yangu mnyang'anyi. Na nyinyi nawaomba: angalieni uso, hata kama moyo unakataa. Someni jina la mguuni. Kila karatasi mbaki na nakala yake. Ukiambiwa uandike kwamba yameisha, mpe kwanza mtu wa sheria asome, wapo wasiolipisha. Na usikae na uchungu nyumbani kama mimi ninavyopenda kukaa, maana sheria nayo ina muda wake wa kushtaki, ukipita umepita.

Juzi jioni nilikuwa mlangoni nashona. Mtu akakohoa kwenye kona, mara mbili. Nikajikuta nimeshaweka maji ya chai motoni, vikombe viwili tayari. Kumbe ni jirani yangu wa omena. Akatazama vikombe, akakaa, akajichukulia kimoja. Akaniambia:

"Mama, umelala na huyo mwanaume miaka kumi na nane, halafu ukaenda kumjua na soksi. Siku yangu ikifika, niangalie uso, sababu mimi soksi sina."