Misa ya Shukrani Niliyoiwahisha

Ndugu zangu wa jumuiya, naomba niongee nimeketi. Pumzi yangu ni fupi siku hizi. Nikinyamaza katikati msidhani nalia.

Mnanijua. Miaka kumi na minne nimewaimbia sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sigara sijawahi kuitia mdomoni. Kikohozi kiliponiandama hadi nikashindwa kupandisha kikapu cha kahawa kutoka shambani, mume wangu akanipeleka Bukoba. Nikalazwa kwenye mashine, nikapigwa picha ya mapafu. Daktari akanionyesha duara jeusi, pafu la kulia. Akasema, "Mama, huu unaonekana ni mfuko wa hewa tu. Ila rudi baada ya miezi sita, tupige nyingine tulinganishe."

Nawaambia ukweli, nilifika hapa kwetu Kishanda na nusu ya maneno yake. Haukupita mwezi tukatoa misa ya shukrani. Mlikuwepo. Mlikula ndizi, mkanywa rubisi, mkacheza hadi jioni.

Miezi sita ilipotimia nikasema nirudi. Mama mkwe akaniuliza, "Umeshamshukuru Mungu mbele ya watu, sasa unakwenda kumkagua?" Nikaona aibu. Niliwauliza na wengine humu ndani, mkacheka. Msiangalie chini, nilicheka pia. Nikakaa mwaka na nusu.

Siku moja, katikati ya wimbo, nikatema damu kwenye kitabu. Bukoba, daktari yuleyule akaweka picha mbili pamoja. Mfuko wenyewe haukuwa umekua sana. Ukuta wake ndio ulionenepa upande mmoja, na ndani kumeota kinundu. Walichukua kinyama wakapima. Saratani. Daktari hakunigombeza, aliuliza tu, "Mama, ulikuwa wapi?" Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa kwenye sherehe?

Mwanza wakakata sehemu kubwa ya pafu lile. Sauti mnayoisikia ndiyo iliyobaki.

Namshukuru mume wangu, aliyenimenyea ndizi wanaume wenzake wakimcheka. Namshukuru daktari. Mama mkwe aliniosha kila siku, namshukuru. Hajaniomba radhi, nami sijaacha kungoja.

Nimesikia Jumapili mnataka kunifanyia misa nyingine ya shukrani. Nitakuja, nitashukuru kwa moyo wote. Jumatatu asubuhi niko Bukoba na picha zangu zote mkononi. Anayetaka kucheka, acheke leo, nikiwa bado namsikia.