Mshono Mbele ya Madhabahu: Maisha ya Kaka Yetu, Fundi Pima

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea. Marehemu mwenyewe alimwomba auandike, na alimpa sharti moja tu, kwamba asimpambe. Humu ndani mdogo wake atatajwa kama mtu mwingine yeyote. Ndivyo wasifu unavyoandikwa, halafu kuna mahali angeshindwa kuendelea kusoma kama angelazimika kusema "mimi".

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikofanya kazi baba yake. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo za watu. Alikuwa wa kwanza, akafuatiwa na mdogo wake, na hapo wazazi wakaona inatosha. Jina la Pima lilimpata angali mtoto. Alikuwa akijaza maji kwenye chupa, anabakiza hewa kidogo, kisha anailaza juu ya kila kitu mle ndani kuona kama kimekaa sawa. Siku moja chupa ilimwambia kwamba kitanda cha mama kimelalia upande. Bila kumwuliza mtu akakipachika matofali, na akayaweka upande ambao tayari ulikuwa juu. Mama alipojilaza apumzike mchana alibingirika hadi ukutani. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Huyu atakuja kuwajengea watu nyumba. Mungu awasaidie."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1967. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila daftari lake la hesabu lilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko ya mwalimu. Kuna jambo moja la shuleni ambalo lazima lisomwe hapa. Mdogo wake alining'inia kwenye bomba la tangi la maji akalivunja, uwanja mzima ukafurika. Mwalimu mkuu alipouliza ni nani, mdogo wake alifyata ulimi. Marehemu akatoka kwenye mstari akasema, "Ni mimi, mwalimu." Alichapwa mbele ya shule nzima. Wakati wa kurudi nyumbani hakutaka hata kushukuriwa. Alisema tu, "Wewe mwembamba, ungevunjika." Tafadhali mlikumbuke jambo hilo. Mdogo wake hakuwahi kulisahau, na laiti angelisahau, yaliyokuja baadaye yasingemuuma vile.

Baada ya shule alijifunza ujenzi kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akitupa mwiko ukutani akikasirika. Marehemu alipenda zege kuliko kazi nyingine zote. Alipohitimu alimwita mdogo wake, wakawa wanafanya kazi pamoja: mdogo anasuka nondo, mkubwa anamwaga zege. Kwa wasioijua kazi hiyo, zege la dari likiwa bichi haliwezi kujibeba. Linashikiliwa na mbao, na chini ya mbao kuna miti iliyosimamishwa, ambayo mafundi wanaiita mirunda. Mirunda haitolewi mpaka zege likomae, na kukomaa hakuharakishwi kwa maneno matamu. Marehemu na mdogo wake walikuwa na desturi yao wawili, ambayo hakuna fundi mwingine aliyewaiga. Mrunda wa mwisho ulipotolewa, walisimama chini ya dari lao bega kwa bega. "Likianguka," marehemu alikuwa akisema, "lituangukie sisi tuliolitengeneza." Wenye nyumba walipenda sana kuwaona wakifanya hivyo, na kazi zikawa hazikauki.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, ambaye leo ni mjane wake. Bwana harusi alichelewa kuingia kanisani kwa sababu alisimama mlangoni kukagua kizingiti, mpaka bibi harusi akamwambia, "Baba, nyumba ya Mungu itajitetea yenyewe, wewe njoo unioe." Walijaliwa watoto watatu. Alikuwa baba mpole, na watoto wake wanashuhudia kwamba hakuna meza iliyowahi kutikisika nyumbani kwao.

Sasa tunafika mwaka 1984. Kuna ndugu walioshauri sehemu hii irukwe, na mdogo wake anawaelewa. Yeye pia angependa kuiruka, tena tangu zamani.

Mwaka huo marehemu alikuwa na kazi mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa dari la jengo la maduka, ambalo walikuwa wamelimwaga majuzi tu. Nyingine ilikuwa kibaraza cha kanisa hili, kile mlichopita mkiingia. Alikuwa amewaahidi wazee wa kanisa kwamba kitakuwa tayari kabla ya siku ya kuwekwa wakfu. Mirunda ikapungua. Basi asubuhi moja, wakati mdogo wake yuko hospitali ambako mkewe alikuwa anajifungua, marehemu aliitoa mirunda chini ya dari la maduka, akaipakia, akaileta hapa. Zege lilikuwa halijakomaa. Na siku hiyo hakuna aliyesimama chini yake kwa desturi. Aliyekuwa chini alikuwa mpiga lipu, anachanganya udongo wake, hana habari. Dari lilishuka likamvunja nyonga.

Mkandarasi alipouliza ni nani aliyetoa mirunda, marehemu hakutoka kwenye mstari. Alisema, "Ni mdogo wangu. Nilimkataza."

Mdogo wake aliyapata maneno hayo akiwa amemshika binti yake mchanga mkononi. Mkandarasi alisimama mlangoni pa wodi akamwambia, "Kaka yako mwenyewe ndiye aliyesema. Sasa unataka nimwamini nani?" Na kweli, nani angemwamini mwingine? Hata mdogo wake kwa dakika chache alijiuliza kama hakuitoa yeye akasahau. Hospitalini wanaume walisubiri nje, na hakuna muuguzi aliyeweza kuapa kwamba alimwona asubuhi ile. Alifungwa. Binti yake alitambaa, akasimama, akatembea, baba hayupo nyumbani.

Mama alikuwa akimtembelea gerezani na shati safi. Siku moja alimshika mkono akamwambia, "Ungekubali tu, mwanangu, moyo wako ungepata nafuu. Kaka yako alisema ukweli huku analia. Lakini mimi nimekusamehe." Mdogo wake alijaribu kumweleza. Mama akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto akisema uongo wa kitoto. Alifariki mwaka 1991 akiwa amemsamehe mwanawe kwa kosa ambalo hakulifanya. Ndugu waombolezaji, kufungwa kunasahaulika. Kusamehewa namna ile hakusahauliki.

Alipotoka, hakuna mjenzi aliyemtaka hata kwa kubeba maji. Akawa fundi wa baiskeli, kwenye kibanda cha mabati mtaa wa pili kutoka kwa kaka yake, na walikuwa wakipishana barabarani kama watu wasiofahamiana. Kaka yake alizidi kupanda. Alijenga maghorofa. Halafu akaanza kunywa, na akanywa kwa bidii ileile aliyokuwa nayo kazini. Shemeji alikuwa akimkuta amelala sebuleni na viatu vya kazi, chupa imelazwa juu ya meza kama bado anapima.

Mwaka 1998 marehemu aliokoka, katika kanisa hili. Pombe aliiacha siku hiyohiyo na hakuirudia, na hilo mdogo wake analisema bila kinyongo. Kila mwaka alisimama hapa kutoa ushuhuda, na watu wakalia. Mwaka mmoja shemeji alimbembeleza mdogo wake aje amsikie. Akaja, akakaa benchi la nyuma. Marehemu alitubu pombe. Alitubu matusi, uvivu wa kusali, hata ugomvi na jirani juu ya kuku. Mdogo wake alisubiri. Alisubiri mpaka kwaya ikasimama, kisha akachukua kofia yake akatoka. Alikuwa ameona kwamba kaka yake anamwomba radhi Mungu aliye mbinguni ili asihitaji kumwomba radhi mtu anayekaa mtaa wa pili. Kusalitiwa mara ya kwanza kulimuuma. Mara hii ya pili, iliyopigiwa makofi na kufuatiwa na wimbo, ilimchoma zaidi.

Mwaka 2006 marehemu alijitolea kumwaga sakafu mpya ya madhabahu. Mchungaji wetu, ambaye wakati huo alikuwa mgeni hapa, alikuwa amehubiri Jumapili iliyopita juu ya mtu anayefika na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, akaiacha palepale. Marehemu alikuwa amepiga magoti, amefika nusu ya sakafu, zege likiwa bichi. Mchungaji anasimulia kwamba alimwona ametulia ghafla, ameushika mwiko tu. Akamwuliza, "Fundi, unaumwa?" Akajibu, "Hii ndiyo sadaka yangu, mchungaji." Akaulaza mwiko chini, akatoka.

Mdogo wake alikuwa anakaza spoki alipoona viatu vyenye zege vimesimama mbele yake.

"Umeacha kazi katikati?" akamwuliza. Ndilo neno la kwanza walilosemezana tangu mazishi ya mama.

"Nimeacha."

"Zege litakufia."

"Life. Nimekuja kusema ni mimi."

"Mimi najua ni wewe. Unaniambia mimi ili iweje?"

Marehemu akaanza kulia. Mdogo wake akamwacha alie. Kisha akamwambia, "Mama alikwenda akiamini ni mimi. Nenda kamwambie yeye."

"Siwezi."

"Basi ndiyo hivyo, umechelewa."

Hakumsamehe. Marehemu alikwenda kwa mpiga lipu, aliyekuwa akitembea kwa mkongojo, akamwambia. Alikwenda kwa mkandarasi, mzee tayari, akamwambia. Jumapili alisimama hapa, mahali pale alipokuwa akishuhudia, akasema yote, hata habari ya kibaraza. Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji alisimama katikati ya watu akasema, "Nimelala na uongo huu miaka yote nikidhani ninalala na mume." Akaenda kwa dada yake, na alirudi kwa wakati wake mwenyewe. Wazee wa kanisa walimwondoa marehemu kwenye kamati ya ujenzi, na kazi zake nyingi zikakatika. Hakulalamika. Alikuwa akisema kwamba Yesu alimwokoa mwaka 1998, ila yeye aliufungua mlango mwaka 2006.

Na kila Jumamosi, tangu hapo, alikuja kwenye kibanda cha baiskeli. Hakuomba tena kusamehewa. Alikaa kwenye benchi, akachukua mpira uliotoboka, akaanza kuziba. Alikuwa fundi mbovu wa pancha kuliko wote waliowahi kuishi. Wateja walirudi na hasira kabla hawajafika kona, na mdogo wake akawa anarudia kazi yote Jumatatu. Miaka ikapita hawasemezani. Baadaye wakaanza kusemezana, juu ya gundi tu. Baadaye tena juu ya watoto. Siku moja marehemu alilaza pima maji juu ya benchi la mdogo wake, akasema, "Limelalia kushoto." Mdogo wake akajibu, "Usiliguse. Nakumbuka kitanda cha mama." Wakacheka wote wawili, kisha kila mmoja akainamia mpira wake, kwa kuwa wote walikuwa wamemkumbuka mama.

Mwaka jana alianza kukohoa na kukonda. Madaktari walisema mapafu yamechoka na vumbi la saruji. Alilazwa mwezi Mei. Mdogo wake alikuwa akimpelekea uji na kumnyoa ndevu. Siku moja alipokuwa anamfuta povu, marehemu alimwambia, "Utaniandikia wasifu. Uandike yote."

"Nikiandika yote, kaka, watu watatoka kanisani kabla ya sanduku."

"Watoke. Wewe soma."

Mdogo wake alitaka kusema lile neno siku ile. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini neno "nimekusamehe" aliwahi kuambiwa yeye, gerezani, na ladha yake haijamtoka. Hakutaka kumpa kaka yake kitu kibichi. Aliona Jumamosi bado zipo. Akamwambia, "Tutaongea ukipata nguvu."

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni, alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake. Aliondoka mapema, kama kawaida yake. Mdogo wake amemkasirikia kwa hilo, na anaomba aruhusiwe kulisema mbele ya jeneza lake, maana ni kweli. Kaka, ungesubiri kidogo.

Wengi wenu mmeuliza kwa nini zulia la mbele limekunjwa leo. Mdogo wake ndiye aliyelikunja asubuhi, na mchungaji amekubali. Mstari mnaouona ukikatiza sakafu, pale jeneza lilipowekwa, ni mahali marehemu alipoulaza mwiko akatoka. Zege likiachwa katikati haliungani tena sawasawa hata liendelezwe na nani. Panabaki mshono. Mafundi wengine walitaka kuuvunja, marehemu akakataa. Ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, na ndiyo peke yake ambayo mdogo wake anajivunia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na ndugu mmoja. Ndugu huyo aliwekwa mwisho wa orodha kwenye tangazo la kwanza la msiba, kwa heshima tu, kwa kuwa waandaaji hawakujua kama angekubali kutajwa. Amekubali. Ameomba isomwe hivi: ameacha mdogo wake, aliyesimama naye chini ya kila dari walilolimwaga pamoja, isipokuwa moja.

Lile neno ulilolisubiri limeshamwagwa, kaka, ila halijakomaa. Litakomaa. Safari hii hakuna atakayetoa mirunda. Wewe pumzika kwa Bwana.