Jagi, Beseni na Sista Luciana

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, Sista Luciana Kapele anastaafu tarehe 30 Juni, majira ambayo baridi ya Sumbawanga na ukungu wake humfanya mtu asijue kama ameamka au bado anaota. Kliniki yetu ya afya ya akili itapoa kidogo. Haya, tuseme ukweli: itapoa sana.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima namna wagonjwa wa skizofrenia wanavyoishi na wenzao. Je, mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anaweza kukaa na ndugu, kufanya kazi, kupokea mgeni? Fomu tulizoletewa ziliuliza kama mgonjwa anajipikia. Wanaume wa huku kwetu Ufipa wote wakafeli, maana hawapiki! Sista alicheka mpaka machozi, akasema basi na madereva wetu walazwe. Tangu hapo akawa anawafuata watu majumbani, kuanzia Milanzi hapa mjini hadi Kirando ziwani kwa waanika dagaa. Ukungu unapanda, ulezi unayumba, yeye yupo tu kwenye kigoda, kimya, utadhani amesinzia. Thubutu! Hakuna kilichompita.

Ndivyo alivyomjua Loth, mgonjwa wetu wa Milanzi. Dada yake, Angela, alikuwa anaolewa, na familia ikaamua Loth afungiwe chumbani siku hiyo asije akawaaibisha. Lakini Sista alishaona kitu pale nyumbani: kijana haongei sana, ila wakati wa kula hushika jagi na beseni, akamnawisha kila mmoja kuanzia bibi, bila kumruka mtu. Akaomba Loth awanawishe wageni wa harusi. Baba mtu akakataa katakata. Sista akabembeleza, akasema aibu ikitokea, ni yake.

Siku ikafika. Loth alizunguka polepole kama mtu anayetembea ndotoni, akimwinamia kila mzee na shikamoo ya chini chini. Hata tone halikuangukia nguo ya mtu. Alipomfikia baba yake, mzee alikunja mikono ya shati, akanyoosha viganja. Tangu siku hiyo Loth hajafungiwa tena.

Sista, umetufundisha kuwaangalia watu vizuri, na kwa kweli inatuuma kukuaga. Asante sana. Tunakuombea usingizi mtamu, ulezi uliojaa ghalani, na wajukuu wa kukusumbua.

Sasa tusubiri chakula vitini. Loth ameshashika jagi, na ameomba leo aanze na wewe.