Mama Siku Tatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imeniomba nisome maisha yake, nitasoma polepole kwa kuwa tangu Jumanne nasikia kila kitu kama kinasemwa chumba cha pili.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mama yetu, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana alikofanya kazi baba, akasoma shule ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu ufamasia na kuajiriwa hospitalini, ambako alikutana na shemeji yangu, fundi rangi, aliyekuja kupaka dirisha la kutolea dawa akamaliza wiki nzima kwenye dirisha hilo moja. Walifunga ndoa Novemba 1986, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume, na mwaka 1994 dada akafungua duka lake la dawa pale kona ya soko.

Ijumaa tarehe 20 Juni 1997, jioni, alikuja mama mmoja fundi cherehani, dawa zake za kifafa zimemwishia, daktari wake yuko safari hadi Jumatatu, naye hana cheti cha dawa. Dada akamwambia, "Siwezi mama, sheria hainiruhusu." Yule mama akasema, "Haya," akaenda zake. Jumapili kifafa kilimshika akioga, hakuinuka tena. Dada alikwenda mazikoni akakaa nyuma kabisa, na nilipomuuliza mbona hali chakula, alinijibu, "Hakubisha. Angebisha labda ningempa."

Baadaye aliwauliza wakubwa wa taaluma yake, wakamwambia ruhusa ilikuwapo siku zote, kwamba mfamasia akijiridhisha anaweza kumpa mgonjwa wa muda mrefu dawa zake za siku chache wakati akimsubiri daktari. Tangu hapo, mgonjwa wa namna hiyo akija, alikuwa akitoka nje ya kaunta, akiomba paketi ya zamani, akimpigia daktari simu, akitoa dawa za siku tatu, na zikiisha akimpigia mgonjwa, "Zangu zimekwisha, umeshamwona daktari?" Ndipo mtaa ukambandika jina la Mama Siku Tatu, ingawa waliokuja kujaribu bahati walijibiwa, "Za usingizi hapana baba, hata ugaragare."

Mwaka 2009 mafuriko yalipobeba daraja na hospitali ikawa haifikiki, alifungua duka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akahudumia watu wa presha, sukari na pumu, na katika foleni hiyo akafika mume wa yule fundi cherehani, naye sasa ana presha, ambaye alipopewa dawa alisema, "Mke wangu alikusifu sana, alisema ulimjibu kwa heshima." Dada alitusimulia hayo usiku ule akikunja nguo, akakunja shati moja mara nyingi, na hakuyataja tena.

Yeye mwenyewe aligundulika na presha mwaka 2015. Dawa zake alimeza vizuri, nalisema hili kwa sababu watu wananiuliza. Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024 alipata kiharusi akipiga mswaki, akalazwa, na alfajiri ya Jumanne tarehe 10 akafariki, shemeji akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotueleza ukweli bila kutuzungusha, majirani waliochukua funguo za nyumba na kupika bila kutuuliza chochote, na mfamasia mwenzake aliyefungua duka la dada jana ili wagonjwa wasikwame. Jana hiyohiyo simu ya dada iliita, binti yake akapokea, mzee mmoja akauliza kama mama yupo dukani, dawa zake za moyo zimebaki za asubuhi tu. Binti akamwambia, "Nenda baba, utapewa," akakata simu.

Dada, tumekusindikiza hadi hapa. Pumzika kwa amani.