Redio Anastaafu, Shingo Yake Haistaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha altrasaundi, tarehe 30 Juni dada yetu mkubwa, ambaye hospitali nzima inamwita Redio, anakabidhi funguo na kustaafu. Jina hilo hakusingiziwa. Ameongea tangu siku ya kuripoti kazini, na mpaka leo hajatokea wa kumzima.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima shingo za watu waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo. Hata tezi ikishatolewa, ugonjwa unaweza kurudi kimyakimya baada ya miaka, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu na shingo kila baada ya muda. Shida ni kwamba mtu akishapata nafuu hujiona mzima kabisa, anameza kidonge chake cha asubuhi na kutuona sisi wasumbufu. Wengi huingia mitini.

Redio alikuwa na dawa yao. Mgonjwa akiwa amelala, shingo imepakwa jeli na haruhusiwi kutoa neno, alimsimulia visa vya mumewe, fundi seremala asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake. Kisa kilipofika patamu, alimpa kitambaa ajifute na kumwambia mengine mwakani. Mama mmoja mshonaji alitokea wiki mbili kabla ya tarehe yake, akakiri kwamba hakuja kupimwa, alitaka tu kujua kama lile kabati alilounda seremala hatimaye lilipita mlangoni. Tulimpima hivyo hivyo.

Miaka sita iliyopita, saratani hiyo hiyo ikampata yeye. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kazini na kovu shingoni na maneno yake yote. Ila ilipofika zamu yake ya kupimwa, Redio huyu huyu akaanza kutupiga chenga: leo foleni ndefu, kesho mashine imechoka. Kumbe alikuwa anaogopa. Mwaka juzi yule seremala alikuja mwenyewe, akamshika mkono mkewe na kumlaza kitandani.

Mimi ndiye niliyempima. Kabla sijaanza aliniomba nisinyamaze hata kidogo, kwani anajua maana ya ukimya wangu. Basi nikaongea. Nikamsema mama mkwe wangu mpaka nikakaribia kuishiwa, na hapo kifaa kikapita juu ya kivimbe kidogo chini ya taya. Niliendelea kuongea huku machozi yakinitoka. Yeye alitazama dari, kisha akanipapasa mkono, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Kivimbe kilitolewa mapema. Vipimo vya mwezi uliopita, vya damu na vya shingo, vimetoka safi. Hata hivyo daktari amesisitiza kwamba ufuatiliaji lazima uendelee, na Redio sasa anahamia kwenye nyumba waliyojenga mbali na hapa. Na sote tunamjua.

Kwa hiyo, dada, pamoja na shukrani zetu kwa kila shingo uliyoigusa kwa upole, tuna ombi moja. Mumeo ameahidi kukuleta, kwa miguu yako au kwa kubebwa. Usimchoshe mzee wa watu. Njoo ulalamikie foleni, njoo utuseme tulivyokiharibu chumba chako, lakini njoo. Tunakupenda, na tunataka kukuona ukizeeka.