Bosi Amelala, Asiguswe

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe nne Machi mwaka huu, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali. Alikuwa mtoto wa pili wa kaka yangu, fundi rangi, na wifi yangu, fundi cherehani. Alitoka amekunja uso kama mzee aliyecheleweshewa chai, na muuguzi aliyempokea akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni bosi." Jina lake la cheti lipo. Sisi tulimwita Bosi, na mimi shangazi yake nitamwita hivyo hivyo.

Utaratibu unataka sasa nieleze masomo yake. Hakusoma. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila mto mgongoni, na akianguka alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliomsukuma.

Kazi aliifanya. Chumba cha mbele cha nyumba ya kaka ndicho cha kushonea: meza ya kukatia, pasi, makopo ya vifungo, na kando ya cherehani kapu pana lililotandikwa vipande vya flana. Humo ndimo alimolala. Mlio wa cherehani ulimbembeleza, lakini uzi ukikatika tu, au mama yake akinyanyuka kumpima mteja, alipiga ukelele uliosikika hadi duka la pili. "Haya Bosi, nimerudi kazini," mama yake alimwambia, akakanyaga tena. Basi nyumba ikajiwekea sheria kwamba Bosi akishalala, asiguswe. Mteja mwenye sauti kubwa alionyeshwa mlango. Tuliicheka sana sheria hiyo, na tuliifuata.

Kuhusu ndoa, bibi yake mzaa baba alimwita "mume wangu". "Mume gani wewe, meno mawili, na yote unayamalizia kwenye kidole changu!" alimgombeza, na Bosi akacheka hadi udenda ukamtoka. Bibi amekaa pale mbele. Ameniagiza niandike kwamba ameachwa mjane.

Ugonjwa ulianza Alhamisi, tarehe sita Novemba, kwa mafua na kikohozi. Ijumaa mwili ulichemka, akalia mchana kutwa. Wifi alikwenda duka la dawa, akapewa dawa ya maji ya homa, na muuzaji akamwambia, "Akikataa kunyonya, au akianza kuhema mbio, usirudi kwangu, mama. Nenda hospitali moja kwa moja." Alirudi akatusimulia maneno hayo, na sote tukaitikia. Tulichokuwa tunakisubiri ni kelele. Tulidhani mtoto akizidiwa atalia zaidi.

Jumamosi asubuhi kilio kiliisha. Bosi alishika titi, akaliachia, akalala. Tukasema afadhali, anapata nafuu. Bibi alimshika nyayo, akazikuta baridi, akamshukuru Mungu. "Moto umemtoka mume wangu." Kumbe alikuwa anahema mbio, na nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi, ila hatukuiona kwa sababu tulimfunika shuka hadi kidevuni. Nepi aliyovishwa alfajiri ilikuwa bado kavu, nasi tukafurahi kwamba hakuna haja ya kumbadilisha. Jirani alipokuja kumjulia hali tulimnyamazisha mlangoni. Tulimwambia Bosi amelala.

Mchana mkanda wa cherehani ulikatika. Chumba kilipokuwa kimya, sote tukaziba masikio kwa utani, tukisubiri ukelele. Haukuja.

"Leo Bosi katupa likizo," kaka alisema, tukacheka.

Wifi peke yake hakucheka. Alimtoa kapuni, shingo ikalegea. Alimwita, akamtekenya nyayo, akampuliza usoni. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakumtazama.

"Baba Bosi! Mtoto haamki!"

Hospitalini daktari aliuliza amenyonya mara ya mwisho lini, na amekojoa lini.

"Alikuwa amelala, daktari," kaka alisema.

"Huku si kulala, baba," daktari alijibu huku akimwekea oksijeni. "Mtoto mgonjwa asiyeamka kunyonya haachwi hata kidogo. Anayelia bado ana nguvu za kulia."

Ilikuwa nimonia. Walihangaika naye, sitawalaumu. Bosi alifariki dunia jioni hiyo hiyo, Jumamosi tarehe nane Novemba, akiwa na umri wa miezi minane.

Tangu juzi watu wanatufariji kwamba siku yake ilikuwa imefika. Naomba msituambie hivyo. Ilikuwa siku ya kumpeleka hospitali, na tangu asubuhi alikuwa anatueleza kwa njia zote alizokuwa nazo: kwa titi alilolikataa, kwa nepi kavu, kwa pumzi za mbio, kwa huo usingizi wenyewe. Mwenye mtoto mchanga nyumbani, mfunueni mumtazame kifua. Mwamsheni. Akikasirika, mshukuruni Mungu. Asipoamka, msikae kubishana kama sisi tulivyokaa kucheka.

Ameacha baba, aliyepaka nyumba za watu wengi rangi na jana akashindwa kupaka sanduku dogo rangi nyeupe. Ameacha mama, ambaye hajataka mkanda wa cherehani uungwe. Ameacha bibi yake, nami shangazi yake, na dada yake wa miaka minne, ambaye tangu asubuhi anapita kati yenu akiwaomba mpunguze sauti, maana Bosi amelala.

Hapa ndipo msomaji wa wasifu humwombea marehemu apumzike. Mimi neno hilo limenishinda, kwa kuwa tulimwacha apumzike Jumamosi asubuhi nzima. Bosi, mtoto wetu, tusamehe hatukukuamsha.