Barua ya Onyo ya Mama Anwani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi, mume na watoto wa Mama Anwani mlioketi pale mbele, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano nimuage mtunza tovuti wetu, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na miwili. Mimi nikiwa mkuu wa kitengo chake, mlitarajia niseme ni mchapakazi, akabidhiwe saa ya ukutani, nikae. Mchapakazi ni kweli, na saa ataipata. Lakini kuna neno limenikaa kooni miaka sita, na nisipolitema leo atatoka hapa na mzigo usio wake.

Jina la Mama Anwani tulimpa kwa utani. Kila ukurasa wa tovuti una anwani yake, naye alikuwa na daftari jekundu lenye kila anwani tuliyowahi kuitumia. Ukurasa ukihama, aliiachia anwani ya zamani maelekezo ya kumpeleka msomaji kwenye mpya. Kisha ndani ya ukurasa mpya aliweka alama ambayo msomaji haioni, inayoiambia mitambo ya kutafutia habari mtandaoni kwamba ukurasa halisi ndio huu. Tulimcheka. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tulikuwa na haraka ya msala.

Mnakumbuka tulipozindua tovuti mpya? Siku mbili kabla, alinijia na daftari lake. Anwani za zamani, alisema, zote zinaelekeza kwenye mpya, lakini alama ndani ya kurasa mpya bado zinataja zile za zamani kuwa ndizo halisi. Huku unaambiwa nenda kule. Ukifika kule unaambiwa rudi ulikotoka. Aliomba siku nne. Nilimjibu kwamba kadi za mwaliko zimeshatoka, na kwamba mitambo ina akili kutuzidi sisi wawili. Kwamba inanizidi akili mimi, hapo sikukosea.

Wiki tatu baada ya uzinduzi, mitambo ikiwa imeshindwa kujua ukurasa upi ni halisi, kurasa zetu zilianza kutoweka kwenye matokeo ya utafutaji. Mchana mmoja dada yangu mdogo akanipigia. Mwanawe amekunywa mafuta ya taa, anautafuta ukurasa wetu wa huduma ya kwanza haupati, na jirani ameshaleta maziwa ili mtoto atapike. Nikatafuta mimi mwenyewe, mezani kwangu, ndani ya hospitali yenye ukurasa huo. Sikuupata. Nilikimbilia chumba cha pili na simu mkononi. Mama Anwani aliichukua simu, akasema taratibu kabisa: "Mwanangu, usimtapishe. Usimpe kitu chochote. Mlete sasa hivi."

Mtoto alipona. Bodi ilipouliza nani kaharibu tovuti, niliandika: mtunza tovuti. Akapewa barua ya onyo. Nilipomuuliza mbona hakujitetea, alisema, "Tukianza kubishana, bosi wangu, kurasa atazirudisha nani?" Akazirudisha moja moja, mia tatu na kumi na moja, kwa miezi miwili. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pake nikiangalia chini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, barua ile bado imo kwenye faili lake. Leo asubuhi nimempelekea Mkurugenzi barua yangu, inayosema kosa lilikuwa langu. Naomba ile ya zamani isichanwe. Ibaki palepale, ibandikwe karatasi inayomwelekeza kila atakayeifungua aisome hii mpya; na hii mpya iseme wazi kwamba ndiyo yenye ukweli. Hivyo ndivyo Mama Anwani alivyotufundisha kazi.

Mama, nisamehe. Shemeji, na ninyi watoto wake, nilitaka mlisikie kwangu.

Saa yako hutakabidhiwa na mimi. Ataileta mpwa wangu, yule pale anayeinuka karibu na mama yake. Ana miaka minane sasa.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza hadi mwisho.